Bwana Kesho Amekataa Kuamka

Bwana Kesho alikufa Jumanne asubuhi, na Nakuru nzima ikacheka.

Msinikodolee macho. Na mimi nilicheka. Nilikuwa mbele ya darasa langu la akina mama, nikiwafundisha kupiga pindo, Mugure muuza uji alipoingiza kichwa dirishani.

"Namalwa, mzee wako amekufa huko hospitali."

"Atafufuka saa ngapi?" nikamwuliza.

Darasa zima likaangua kicheko. Mugure naye akacheka, akajitwika debe lake la uji akaenda zake.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, una haki ya kuniona nina wazimu. Ngoja nikuweke sawa upesi, kisha turudi kwenye balaa.

Mchana, mzee Joash Nyongesa alikuwa akitia grisi magurudumu ya mabehewa ya reli. Jumamosi jioni alikuwa Bwana Kesho, karani mwenye koti la kuburura ambaye kila mtu akimjia na shida humjibu, "Njoo kesho!" Alianza kuchekesha askari kule Burma wakati wa vita, akamalizia katika jumba la mikutano la Bondeni, mimi nikiwa mwenzake jukwaani.

Mchezo wake uliopendwa kuliko yote ulikuwa ule wa kufa. Analazwa mezani, anafunikwa shuka, mimi najigaragaza chini kama mjane. Watazamaji wanapanda mmoja mmoja kumsifu marehemu. Sifa zikigeuka uongo mtupu, maiti inaketi wima na kumnyoshea msemaji kidole: "Wewe nawe, njoo kesho!" Watu walikuwa wakianguka kwenye viti.

Alikuwa babu yangu kwa ukoo, ndugu wa baba yake baba. Mimi nilimwita Kuka, yaani babu. Yeye aliniita "mke wangu", na mkewe Nekoye, bibi yangu ninayemwita Kukhu, huniita "mke mwenzangu". Kwetu Bungoma ndivyo babu na bibi wanavyomtania mjukuu, wala hakuna anayegeuza shingo. Nakuru waligeuza shingo. Nusu ya Bondeni iliamini kuwa mimi ni mke mdogo wa mzee mwenye upara, na nusu nyingine ilikuwa ikingoja kuhakikisha.

Katika hadithi ya wiki iliyopita niliwaacha mvuani. Mimi na mzee tulikuwa nje ya jumba, sanduku la nguo za mchezo liko kichwani kwangu, na mlango umefungwa kwa ufunguo. Aliyeufunga ni Micah Obura, mwenyekiti wa kamati ya jumba. Kosa la mzee? Jumamosi iliyotangulia alikuwa amemwigiza mwenyekiti.

Si kazi ngumu kumwigiza. Obura hukifuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia, kisha hakikalii. Na maneno yake ya kwanza popote, hata kama hajafungua kinywa tangu alipoamka, ni "Kama nilivyokwisha kusema."

Tuligonga. Waliokuwa ndani, watazamaji wetu walewale wa kila Jumamosi, walitusikia, maana hata sisi tuliwasikia wakivunja njugu. Hakuna aliyeinuka.

Mzee aliutazama ule mlango, akasema, "Mke wangu, leo ni sisi tumeambiwa njoo kesho."

Tulirudi kwake, kwenye nyumba za reli, maji yakitiririka viatuni. Kichomi kikamshika kifua. Sisemi ni Obura aliyemwua. Daktari alisema ni kichomi, na daktari amesoma. Mimi nasema tu kwamba mlango ule ulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa na mwenyewe.

Sasa mnaelewa kwa nini nilicheka. Jumapili tu mzee alikuwa amekufa mara mbili wodini. Mara ya pili muuguzi alikimbia akaacha kiatu.

Na mji nao ukafanya kama mimi.

"Bwana Kesho amekufa," walisema sokoni.

"Tena?"

"Tena."

"Safari hii kimemwua nini?"

"Kichomi."

"Ehe! Ameongeza utamu. Mara ya mwisho ulikuwa mfupa wa samaki."

Kufikia saa sita wanaume wa kinu cha unga walikuwa wamefika nje ya chumba cha maiti, kila mmoja na kigoda chake, wakigombania mstari wa mbele. Mtu mmoja alikuwa akiuza miwa. Nikatoka humo ndani, sauti imekwisha kukauka, nikawaambia kwamba nimemwona, nimemgusa, amepoa. Wakanipigia makofi.

"Huyu msichana siku hizi analia vizuri!" akasema mmoja. "Zamani alikuwa akizidisha."

Aliyewaaminisha si mimi, wala daktari, wala mchungaji. Ni Mathenge.

Mathenge ni seremala kutoka Bahati. Ni mtu ambaye ukiokota vumbi la msumeno wake atakuuliza umelipa wapi. Basi alasiri ile wapita njia walimkuta akipiga randa mbao nzuri za mwerezi.

"Jeneza la mchezo hilo, Mathenge?"

"La mzee."

"Na nani ameagiza?"

"Hakuna aliyeagiza. Natoa."

"Unatoa vipi?"

"Natoa bure! Hamsikii Kiswahili?"

Habari ilishuka kutoka kwa Mathenge hadi stesheni kabla randa haijapoa. Mathenge ametoa mbao bure. Walioketi vigodani wakasimama. Muuza miwa akavua kofia. Ndipo mji ulipopiga ukemi ambao nadhani ulisikika hadi juu ya Menengai.

Na wakishaanza kulia, watu wa Nakuru hawakubali kushindwa.

Peterson kinyozi alitundika ubao nje ya kibanda chake: MAREHEMU ALINYOLEWA HAPA. Mzee alikuwa na upara tangu Burma. Mama mmoja alizimia mbele ya soko, akazinduka, akaona kwamba waliomwona ni wachache, akahamia upande wa stesheni akazimia upya. Na yupo kijana wa kinu, jina namwachia mama yake, aliyewahi kumrushia mzee gunzi la hindi jukwaani. Sasa alizunguka na gunzi lile limefungwa katika kitambaa cheupe.

"Shika," aliniambia, machozi yakimtoka. "Hili lilimgusa."

Kwangu walileta sukari, majani ya chai na maswali.

"Pole sana, mama mjane. Na yule mkubwa akija itakuwaje?"

"Atakuja tunywe chai."

"Chai!" Wakatazamana. "Haya. Sisi tutakuwa karibu."

Nikiwa bado na vikombe mkononi, Obura akafika.

"Kama nilivyokwisha kusema," alianza, hata hodi hajapiga, "kamati imeamua marehemu alazwe jumbani na kuagwa kwa heshima."

"Kumbe mlango unafunguka?"

"Binti, wakati wa msiba watu hawaulizani habari za milango."

"Bwana Mwenyekiti, mzee aliniachia neno. Aliniambia, 'Watakuja na hotuba, mke wangu. Usiwaachie. Vaa koti langu unifanyie kama nyumbani.'"

Niwaambie nyumbani tunafanyaje. Mzee akifa, mjukuu huvaa nguo zake, akatembea mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, akayasema mbele ya jeneza hata yale ambayo mzee alikuwa akiyaficha. Watu hucheka wakilia. Kuka aliamini kwamba mzee asiyeigizwa amezikwa kiwiliwili tu.

"Hata kwenu wako wanaofanya hivyo," nikamkumbusha Obura.

"Huko kijijini. Hapa tumestaarabika." Akakifuta kiti changu, hakukikalia. "Siku hizi za hali ya hatari, unajua mwenyewe, watu kumi hawasimami pamoja bila ruhusa. D.C. ameturuhusu tufanye hotuba. Mchezo hakuturuhusu. Utavaa nguo nyeusi, utaketi mbele, na nikifika mahali pa kusikitisha, utalia."

"Nitajuaje kama ni pa kusikitisha?"

"Nitatoa leso."

Nilidhani ananitania. Kumbe mtu yule hajui kutania, ndiyo maana aliogopa wanaojua.

"Na nisipolia?"

Alizungusha macho: kitanda changu, taa yangu, diploma yangu ukutani ndani ya kioo. Chumba ni cha jumba. Darasa ni la kamati. Kamati ni yeye.

"Chumba kizuri hiki," akasema. "Wako walimu wengi wasio na chumba."

Nisije nikaonekana shujaa, acheni niseme wazi. Chumba kile ni cha kwanza maishani mwangu ambacho ufunguo wake naulalia mimi mwenyewe. Nikikipoteza narudi Bungoma, ambako baba ameshanichagulia mwalimu mkuu mwenye wake wawili na meno machache. Niliogopa. Nilinyamaza. Obura akaondoka akidhani nimekubali, na kwa muda hata mimi nilidhani hivyo.

Jioni ile kamati ilichukua lile koti la mzee, ikalipigilia misumari kwenye ukuta wa jumba, juu ya jukwaa, na karatasi chini yake: MSIGUSE.

Kesho yake gari moshi lilimleta Nekoye, mjane wa kweli. Stesheni ilijaa. Wengine walikuwa wamepanda juu ya mapipa. Hawakuja kumpokea, walikuja kuona nywele zikinyofolewa.

Nekoye alishuka, mfupi, mnene, kikapu mkononi. Akapaza sauti: "Yuko wapi huyo mwanamke wa mume wangu?"

Umati ulivuta pumzi kwa raha. Nikajitokeza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Kukhu."

Akanikagua kutoka utosini hadi viatuni. "Mbona huna hata nyonga? Mume wangu alikupendea nini?"

"Alisema wenye nyonga humaliza chakula, Kukhu."

"Na wewe usiye nazo, kupika unajua?"

"Sijui. Ndiyo maana alikonda."

"Mke mwenzangu!" Akaangusha kikapu, akanikumbatia, na hapo ndipo tulipolia pamoja kwa mara ya kwanza, mimi na bibi yangu, tumeshikana katikati ya watu kama watu wanaozama. Nyuma yangu nikamsikia mtu akisema kwa uchungu wa kweli, "Kumbe tumekuja bure."

Njiani Nekoye aliuliza jambo moja tu.

"Koti lake liko wapi?"

"Limepigiliwa misumari, Kukhu."

"Na nani?"

"Na yule aliyemfungia mlango."

Akakaza mwendo hadi jumbani.

Jumba lilifurika hadi madirishani. Jeneza la Mathenge lilikuwa juu ya meza ileile ya mchezo. Askari wawili walisimama mlangoni. Wasemaji wakapanda mmoja mmoja, kama tulivyozoea Jumamosi, na hapo nikaona kitu ambacho kingemfurahisha mzee kuliko shada lolote. Kila msemaji alipofika kwenye uongo alisita, akatupia jeneza jicho. Peterson alipoanza habari za nywele alirudi nyuma hatua nzima.

Kisha Obura. Akakifuta kiti, hakukikalia.

"Kama nilivyokwisha kusema, marehemu alikuwa rafiki yangu wa moyoni. Mlango wa jumba hili, ndugu zangu, haukupata kufungwa mbele yake hata siku moja."

Jumba lote likageukia jeneza.

Hatukupanga. Shingo zilikwenda zenyewe. Hapo ndipo hasa mahali ambapo angeketi wima na kunyosha kidole. Tukangoja. Mtu nyuma akanong'ona, "Sasa. Sasa ataamka." Obura mwenyewe alitazama kwa pembe ya jicho.

Mwerezi ulitulia tuli.

Obura akapumua. Akatoa leso, akaniangalia. Zamu yangu ilikuwa imefika. Nililitafuta chozi hata moja la kununulia chumba changu. Macho yalikuwa makavu kama changarawe.

Mara ikasikika sauti ya kitambaa kuchanika. Nekoye alikuwa amepanda jukwaani na alikuwa akining'inia kwenye lile koti kwa uzito wake wote. Msumari wa kwanza ukaruka. Wa pili ukaruka. Akashuka nalo akanitupia.

"Mke mwenzangu," alisema, na kila mtu alisikia, "mume wetu amekataa kuamka. Amka wewe."

Nikalivaa. Lilinifika miguuni, likanuka grisi na tumbaku. Goti lake la kulia lilikuwa na risasi ya Burma, basi nikauburuta mguu. Nikakohoa. Nikamfikia mtu wa kwanza mstari wa mbele, nikamkunjia uso.

"Una shida gani? Njoo kesho!"

Jumba lililipuka. Mama wa kuzimia alizimia kwa kweli, na mara hii hakuna aliyemwona. Nikamwigiza mzee akificha kipande cha nyama ndani ya soksi ili mkewe asikione. Nekoye akapiga makofi akipiga kelele, "Ni yeye! Ni yeye, mwizi wangu!" huku machozi yakimwingia kinywani. Nikamwigiza Peterson akitafuta unywele kwenye upara, na Peterson mwenyewe akacheka hadi akajishika mbavu. Hata askari mmoja aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Ningekomea hapo. Wengi wameniambia ningekomea hapo.

Nikatoa leso. Nikakifuta kiti. Sikukikalia.

"Kama nilivyokwisha kusema."

Walicheka kama watakaokufa. Wakati bado wanacheka, nikainua mkono, nikazungusha ufunguo hewani, nikautia mfukoni.

Kicheko kikapungua nusu.

Nikahamia upande wa pili wa mlango usiokuwapo. Nikajikunyata kama mzee aliyelowa. Nikagonga meza ya jeneza, ngo, ngo, ngo. Kisha nikaja nikaketi miongoni mwao, mstari wa mbele, karibu na kijana wa gunzi. Nikavunja njugu. Nikatafuna. Nikasikiliza ule mlango ukigongwa. Nikavunja nyingine.

Sikuharakisha. Nilitafuna njugu zile kama walivyozitafuna wao.

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimekaa mahali pao na walijiona.

Obura ndiye aliyepata sauti kwanza, na safari hii hakuanza kwa alivyokwisha kusema. "Omba radhi! Piga magoti mbele ya jumba hili uombe radhi, sasa hivi!"

Nilitazamia umati wa Bwana Kesho unitetee. Hawa ndio waliokuwa wakianguka kwenye viti kwa ajili yake.

"Omba radhi, Namalwa!" akapiga kelele Peterson.

"Umetutukana!" Huyu ni kijana wa gunzi, amelikumbatia. "Sisi tulimpenda!"

"Dada, ni maneno mawili tu," Mugure akanisihi, ananivuta koti. "Yaseme tu. D.C. atatufungia jumba. Tutakwenda wapi Jumamosi?"

Na kweli, askari wa pili, yule ambaye hakucheka, alikuwa ameanza kupenya katikati ya viti kuja mbele.

Obura akanyosha kiganja. "Radhi, au ufunguo wa chumba. Chagua, na uchague mbele za watu."

Nilimtazama Nekoye. Hakunisaidia. Alikuwa ameweka mkono juu ya jeneza, anatazama mbao.

Nikaingiza mkono chini ya koti la mzee, nikatoa ufunguo wangu, ule ninaoulalia. Sikumpa. Niliuweka juu ya kifuniko cha jeneza, usawa wa kifua cha Bwana Kesho.

"Huo hapo, Bwana Mwenyekiti. Chukua."

Obura akapiga hatua. Akanyosha mkono. Ulipokaribia mbao ukasimama, na macho yake yakateleza kwenye bawaba kama yalivyoteleza macho ya waongo wote waliomtangulia. Jumba zima lilishika pumzi. Nami niliishika.

"Na radhi?" aliuliza kwa sauti ndogo, mkono bado uko hewani. "Radhi je?"

"Siombi," nilisema. "Leo siombi, na kesho msije."